Ukuta Uliokunywa Maji: Kumkumbuka Mariette Syauswa

Wasikilizaji wapendwa, ninyi mlio jikoni, ninyi mlio dukani, na ninyi madereva mliosimama kwenye barabara ya Beni mkingoja tope likauke, mimi Mama Sikitu ninawasalimu. Leo sogezeni redio karibu. Tunamkumbuka mama mmoja wa hapa Butembo. Jina lake ni Mariette Syauswa. Wengi walimwita Mama Virginie. Alikuwa na miaka arobaini na tatu. Aliuza viazi vya Lubero sokoni. Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe kumi na saba ya mwezi wa kumi, saa tisa na nusu ya mchana. Ukuta wa nyumba yake ulimwangukia.

Narudia, kwa sababu watu wengi walipiga simu hapa redioni na swali lao la kwanza lilikuwa moja tu: "Ni bale ba pori?" Hapana. Hakuuawa na watu wa pori, wale wenye bunduki. Aliuawa na ukuta. Ukuta wa nyumba yake mwenyewe, uliopigwa krepi, yaani plasta ya simenti, uliopakwa rangi, ukuta ambao watu walikuwa wanausifu tangu mwezi wa nane.

Mariette alizaliwa Lubero, kule kwenye baridi. Alilelewa na mukaka wake, mama ya mama yake. Nyumba yao ilikuwa ya miti na udongo, na kila mwaka mvua zikikatika, wanawake wa nyumba ile walisiliba ukuta upya. Watoto walikanyaga udongo kwa miguu. Mukaka alichanganya majivu na mavi ya ng'ombe, kisha alipaka kwa kiganja, kutoka chini hadi juu. Mariette alinisimulia hayo sokoni, siku moja nilipokwenda kununua viazi. Alisema mukaka alikuwa anaongea na ukuta. Alikuwa anasema: "Hapa umelowa, hapa panya amepita, hapa umechoka." Mkono wa mwanamke ulipita kila mahali mara moja kwa mwaka. Palipokuwa laini palijulikana.

Aliolewa na Bwana Ananie Kahongya, dereva wa Fuso, anayeshusha viazi na maharagwe kutoka Lubero na kupandisha mizigo mpaka Oicha. Wakajenga hapa Butembo, kwenye mteremko, nyumba ya adobe, yaani yale matofali ya udongo yasiyopita motoni. Ninyi mnaijua nyumba ya namna hiyo. Wengi wetu tunalala ndani yake. Mwanzoni Mariette aliisiliba kwa mkono, kama kwa mukaka wake.

Halafu, miaka tisa iliyopita, alikuja Bwana Salomon, kaka mkubwa wa mume wake. Salomon ni mtu wa roho nzuri, nalisema hili mapema. Alileta simenti kwa mfuko wake mwenyewe, akaita mafundi, wakaifunika nyumba nzima kwa krepi. Ilikuwa ya kwanza kwenye mteremko ule. Watu walipanda kuja kuitazama. Salomon akamwambia shemeji yake mbele ya watu: "Mama Virginie, sasa umepumuzika. Hautachafula mikono tena."

Na Mariette alifurahi. Tusidanganyane. Mimi pia nilimwonea wivu. Nilirudi nyumbani nikamwambia bwana yangu: "Unaona vile benzako banafanyia bibi zabo?"

Lakini kuna jambo ambalo hatukuliona siku ile, wasikilizaji. Ukuta wa udongo ulikuwa mambo ya wanawake. Tuliushika, tuliujua, na ukiharibika hatukuomba ruhusa ya mtu. Ulipovaa simenti, ukawa mambo ya wanaume. Simenti inanunuliwa na mwanaume, inapigwa na fundi, inasemewa na wakubwa wa familia. Kazi yetu ikabaki kufuta vumbi. Lishikeni hilo, kwa sababu ndilo lililomfunga Mariette mikono.

Mwaka huu, mwezi wa nne, mvua kubwa zikinyesha, Mariette aliona mpasuko. Ulikuwa mwembamba kama unywele. Ulianzia chini ya dirisha la mbele, ukashuka mpaka kwenye msingi. Nyuma ya ukuta huo, kwa ndani, kilikuwa kitanda cha watoto wake watatu wadogo. Aliweka kiganja ukutani, upande wa ndani, akakuta baridi. Asubuhi iliyofuata akakuta blanketi limelowa upande mmoja tu, upande wa ukuta.

Alimwita Eliezer Mathe, fundi wa mtaa wao. Eliezer alikuja mwezi wa sita, mvua zilipotulia. Niliongea naye juzi. Anaongea huku ameinamisha kichwa. Alisema aligonga ukuta kwa kishikio cha truelle yake, ule mwiko wa fundi. Juu ulilia *ko, ko, ko*. Chini ya dirisha ulilia *bu*. Akamwambia: "Mama, hapa ukuta na krepi bameachana. Banaishi tu mu nyumba moya, lakini hapana ongea tena."

Mariette alicheka sana. Akamwuliza: "Nani alimukosea mwenzake?"

"Maji njo ilibagombanisha," fundi akajibu. Kisha akaacha mchezo. Alimweleza hivi, nami ninawaeleza polepole, wamama msikie. Maji yanapita kwenye mpasuko na kuingia ndani. Simenti ni ngumu, inayazuia kutoka. Udongo hauna la kufanya, unakunywa tu. Unakunywa mwezi, unakunywa mwaka. Nje unaona ukuta mzuri. Ndani ni fufu, laini kama ugali.

Mariette akauliza dawa yake. Eliezer akamwambia: "Tubomoe krepi yote, kutoka dirisha mupaka chini. Sasa hivi, mu jua hili. Tuache ukuta uchi miezi mbili ukauke. Matofali yenye ilikufa tunatoa moya moya, tunatia mupya. Tunachimba mufereji. Kisha tunasiliba na udongo. Udongo inapenda udongo."

Miezi miwili ukuta uchi. Kumbukeni hayo maneno.

Maana mwaka huu ulikuwa pia mwaka wa Virginie, binti yao wa kwanza. Kijana mmoja wa Mulekera, kule Beni, alimpenda, na familia yake ilitangaza kuja kwa posa Jumamosi, tarehe kumi ya mwezi wa nane. Na ninyi mnajua desturi yetu. Wageni wa posa hawaingii nyumbani moja kwa moja. Wanasimamishwa nje, mbele ya nyumba. Msemaji wa familia anawauliza: Ninyi ni nani? Mmepotea? Mnatafuta nini hapa? Wanajibu, wanacheka, wanatania, wanasimama saa nzima. Na saa nzima hiyo macho yao yako wapi? Yako kwenye ukuta wa mbele.

Familia ilikutana Jumapili moja baada ya misa. Wanaume walikaa sebuleni. Mariette alileta chai, akabaki amesimama mlangoni na sinia. Virginie alikuwa jikoni, alisikia yote, na ndiye aliyenisimulia.

Salomon alisema: "Wageni batoke Beni, bavuke ile njia yote na hatari yake, bakuye kukuta nyumba haina nguo? Batasema tuko nabapatia mutoto wa nyumba ya kuanguka."

Mariette akasema toka mlangoni, akimwita yaya, yaani kaka mkubwa: "Yaya Salomon, ule ukuta iko na maji ndani. Miye niko nauzisha viazi. Kiazi kinaweza kung'aa inje, ukikifinya kidole inaingia."

Wanaume wakacheka. Salomon naye akacheka, si kwa ubaya. "Shemeji, ukuta hapana kiazi. Na simenti ile niliitia miye mwenyewe. Simenti inazidi kukomaa, haiozake."

"Si simenti yako inaoza, yaya. Ni chenye iko nyuma yake."

Virginie anasema mama yake alimtazama baba yake. Bwana Ananie aliangalia kikombe. Nilimwuliza Bwana Ananie mwenyewe, nyumbani kwake, kwa heshima: Kwa nini hukusema kitu? Alinijibu: "Mama Sikitu, ni kaka yangu mukubwa. Njo alinisomesha. Njo alinifundisha kushika volan ya gari. Ningesema nini?"



Basi ikaamuliwa. Krepi haitabomolewa. Mpasuko utazibwa, krepi mpya itapigwa juu ya ile ya zamani, halafu rangi. Juu rangi ya maziwa. Chini, kipimo cha goti, rangi ya mafuta ya kijivu, ile inayong'aa, ili matope ya mvua yasionekane, unapitisha kitambaa tu. Rangi ile ni kama plastiki. Kama kulikuwa na tundu dogo ambapo ukuta ungepumua, lilifungwa siku hiyo.

Na aliyefanya kazi hiyo ni Eliezer. Ndiyo, yeye yule. "Ningekataa bangeita mwengine," aliniambia. "Na miye niko na batoto. Nilijisemesha: baada ya posa tutafungula. Mama Virginie alinipatia maji ya kunawa, akaniambia: Eliezer, umeuvalisha vizuri. Sikujua kama ananisifu ao ananiuliza."

Wageni wa Mulekera walifika. Siku ilikuwa nzuri. Walisimama nje, walitaniwa, walijibu. Mjomba wa kijana alikuwa mtu wa maneno. Msemaji wa kwetu alimwuliza: "Mumekuya kuuza nini?" Akajibu: "Hatuuze, tumepoteza kuku yetu, alama zake zinaingia hapa." Watu wakaanguka kwa kicheko. Halafu mjomba huyo akaweka kiganja kwenye ukuta, akaupiga mara mbili kama mtu anayepiga mgongo wa ng'ombe, akasema: "Hii nyumba iko na afya."

Virginie anasema mama yake alicheka na watu wote. Lakini macho yake yalibaki kwenye kile kiganja.

Wasikilizaji wapendwa, narudia kwa ajili ya wale wanaofungua redio sasa. Tunamkumbuka Mariette Syauswa, Mama Virginie, muuza viazi wa Butembo. Ukuta wake ulikuwa na maji ndani. Aliujua. Alisema. Ukafunikwa.

Mwezi wa tisa mvua zilirudi. Mnazikumbuka za mwaka huu, hazikuwa za mchezo. Rangi ya mafuta ilianza kutoa malengelenge, kama ngozi iliyoungua. Mariette alitoboa moja kwa sindano. Maji yakatoka, ya rangi ya udongo. Alimwita jirani aone. Jirani akasema: "Ni rangi ya bei rahisi tu, Mama Virginie, hapana ogopa."

Alimpigia Eliezer. Alimwambia: "Kuya ubomoe sasa. Nitajua miye na Yaya Salomon."

Jibu la Eliezer mimi silisahau. Alisema: "Mama, tumechelewa. Mvua ikisha kuanza, ukifungula, udongo utapikwa na mvua, utashuka. Ukiacha, utashuka vile vile. Saa hii ni kuombea jua tu."

Kuombea jua. Mwezi wa kumi. Hapa Butembo.

Basi akafanya kile mama anachoweza kufanya. Alihamisha kitanda cha watoto. Alikitoa kwenye ukuta wa mbele, akakipeleka chumba cha nyuma, wakabanana na magunia ya viazi. Mdogo wao alilia akasema viazi vinanuka. Mama yake akamwambia: "Vinuke tu, mutoto wangu. Havitakuangukia." Alikwenda kwa watu wa mbao, akapata miti mitatu ya kalitusi, akaegemeza ukutani kwa nje. Yeye na Virginie, wawili tu. Aliwakataza watoto kuchezea mbele ya nyumba. Alichora mstari kwa jembe na kuwaambia: yule atakayevuka huu, chakula cha jioni anakisikia kwa pua.

Jumatatu, siku tatu kabla ya ile Alhamisi, ukuta ulikuwa umetoa tumbo. Alimpigia mume wake. Bwana Ananie alikuwa Lubero, Fuso imezama kwenye tope, magari kumi na mawili mbele yake. Alinirudia maneno yao, anayajua kwa moyo, kwa kuwa ndiyo yalikuwa mazungumzo yao marefu ya mwisho.

"Papa Virginie, ukuta iko na mimba."

"Ya miezi mingapi?" Alitaka kumchekesha.

"Ya kuzaa, bwana yangu. Kuya."

"Jumamosi nitakuwa hapo. Jumamosi nitasema na yaya. Miye mwenyewe nitasema."

Jumamosi. Wasikilizaji, ukuta haujui Jumamosi.

Alhamisi saa nane mvua ilianza, na upepo. Watoto wadogo walikuwa chumba cha nyuma, wamekaa kwenye kitanda, wazima. Virginie alikuwa nao. Mariette alichungulia kwa mlango akaona maji ya paa, maana nyumba haina mfereji wa bati juu, yanashuka yote mahali pamoja, kwenye mguu wa ule ukuta. Yanachimba. Kulikuwa na bati moja la zamani limelala uani. Akajifunga kitenge kichwani.

Virginie alimwita: "Mama, acha! Ulikataza batoto, na weye unaenda?"

"Nasogeza tu maji," alijibu. "Narudi sasa hivi."

Alivuka mstari aliouchora mwenyewe. Aliinama kulaza lile bati ili maji yaende pembeni. Virginie anasema hakusikia kishindo kikubwa. Alisikia kama mtu anayeshusha pumzi. Miti ya kalitusi iliteleza kwenye tope. Ukuta ulitoka nje kutoka chini ya dirisha, na krepi ya simenti, ile ya zamani na ile mpya juu yake, ikalala kwa kipande kimoja, nzima, na rangi yake.

Majirani walikimbia. Udongo wa ndani ulikuwa laini, waliutoa kwa mikono. Kipande cha simenti ndicho kilichowashinda. Kilikuwa kigumu. Salomon naye alifika, alikuwa nyumba ya nne kutoka pale. Wanaume wanane walikiinua. Walimtoa, wakampakia kwenye pikipiki kati ya dereva na Salomon, kwenye mvua ile. Hakufika hospitali akiwa hai. Salomon alikuwa amemshika. Dereva anasema Salomon aliendelea kumwita "shemeji, shemeji" mpaka mlangoni, na yeye dereva alijua tangu njiani, lakini hakuthubutu kumwambia.

Nilikwenda kwenye kilio. Nilimkuta Salomon amekaa chini, si kwenye kiti. Nilimsalimu. Alisema neno moja: "Simenti niliitia miye." Watu wanasema mambo mengi juu yake kwenye mteremko ule. Ninawaomba muache. Alileta simenti kwa upendo, na kila mmoja wetu angeipokea.

Virginie nilimkuta akipima kwa macho umbali kati ya kitanda cha wadogo zake na ukuta. Ndoa ilipangwa mwezi wa kumi na mbili. Familia ya Mulekera imekuja kulia pamoja nasi, imesema itangoja. Nilimwuliza kama ana neno la kuwaambia ninyi. Alisema: "Mama alijua. Tangazeni tu hilo. Hakuwa mujinga. Alijua, na hakukuwa mahali pa kupeleka kile alijua."

Siku ya mazishi, baada ya sala, niliona jambo. Wanaume wa mteremko walirudi majumbani, na mmoja mmoja walianza kugonga kuta zao. Kwa funguo, kwa mawe madogo, kwa vidole. *Ko, ko.* Halafu mahali fulani, *bu*. Mama mmoja alimwambia mumewe: "Umesikia?" Mwanaume akajibu: "Nimesikia. Tutaona jua likiwaka." Na mwanaume huyo hakukosea. Eliezer amesema hivyo hivyo, mvua ikinyesha ukuta haufunguliwi. Sasa mimi niwaambie nini? Nina watoto watano. Nyumba yangu ni adobe na krepi, kama yenu. Kuna mpasuko nyuma ya kabati ambao bwana yangu anasema ni wa zamani. Mvua zitaendelea mpaka Krismasi. Nimeuliza mafundi watatu, na wote watatu wametazama mbingu.

Kwa Bwana Ananie Kahongya, kwa Virginie na wadogo zake watatu, kwa Bwana Salomon, kwa familia ya Syauswa kule Lubero, redio yetu inawapa pole. Mungu awashike, sisi mikono yetu ni mifupi. Kwa wamama wa soko la viazi, tunajua nafasi yake iko wazi na hakuna aliyetandika gunia pale. Wasingya, asanteni, kwa kumwachia siku hizi.

Na wakubwa wa familia, mwanamke akisema mlangoni na sinia mkononi, mwambieni aweke sinia, akae, amalize.

Wamama, leo, kabla ya mvua ya saa nane, shikeni kuta zenu kwa kiganja. Pakiwa na baridi, hamisheni vitanda. Msingoje ruhusa ya kuhamisha kitanda, kitanda bado ni chetu. Na ukisha kuhamisha watoto, mama, usitoke kusogeza maji. Acha yachimbe. Acha nyumba iende. Kaa na watoto chumba cha nyuma, uwashike, mlie wote, hata ukuta ukianguka, uanguke peke yake.